Kitovu cha samba kimezikwa wapi?

Tarehe 5 Desemba 2022 Brazil iliifunga Korea Kusini mabao 4-1 kwenye Kombe la Dunia kule Qatar, na kila bao lilipoingia wachezaji walicheza. Hata kocha wao, Tite, mtu mzima wa miaka 61, aliingia katikati ya vijana akapeleka shingo mbele na nyuma kama njiwa anayedonoa mtama. Kibanda umiza nilimokuwa kilisimama chote. "Hiyo ndiyo samba sasa!" akapaza sauti kijana mmoja wa mbele. Mzee wa pembeni yake akamkata kauli: samba si ya Wabrazil, ni ya Waangola, wale waliichukua tu. Wa tatu, aliyekuwa kimya muda wote, akasema kumbe hiyo ndiyo anayocheza mkewe kila Jumamosi asubuhi na akina mama wenzake ili kupunguza tumbo.

Watatu wote walikosea, ila hawakukosea sawasawa. Ile ya njiwa si samba. Mzee wa Angola alishika nusu ya ukweli, na nusu hiyo ndiyo inayotupa kazi hapa. Anachocheza yule mama ni zumba, mazoezi ya mwili yenye jina la biashara, yaliyoanzishwa na Beto Pérez wa Colombia katika miaka ya 1990 kwa kuchanganya salsa, merengue na midundo mingine ya Amerika ya Kusini. Samba ikiwamo, imo kwa kuonjesha. Salsa nayo ni ya Karibi: imelelewa Cuba na Puerto Rico, ikapewa jina lake New York. Na Wasambaa wa Usambara hawahusiki kabisa, ingawa nimeshaulizwa.

Samba ni kama neno "ngoma"

Sehemu kubwa ya mkanganyiko inatokana na kudhani kwamba samba ni kitu kimoja. Sisi Waswahili tuna bahati, kwa sababu tunalo neno linalofanya kazi ileile. Ngoma ni chombo cha kupiga. Ngoma ni uchezaji. Ngoma ni shughuli yenyewe: ukiambiwa "leo kuna ngoma kwa kina Mwanaidi", hujaambiwa habari za chombo, umeambiwa watu watakusanyika, kutaimbwa, kutachezwa na huenda watu wakala pia. Mgeni akiuliza "ngoma ilianzia wapi?" utamuuliza kwanza: ngoma ipi?

Ndivyo samba ilivyo. Ukiondoa chombo, maana nyingine zote imezibeba: ni mtindo wa muziki, ni uchezaji, na hapo zamani ilikuwa hasa ni ule mkusanyiko wenyewe. Watu walikwenda "kwenye samba" kama tunavyokwenda ngomani. Maandishi ya zamani zaidi yanayojulikana yenye neno hilo yalichapishwa mwaka 1838 huko Recife, kaskazini mashariki mwa Brazil, katika gazeti la padri mmoja mkali aitwaye Lopes Gama, na maana iliyokusudiwa ilikuwa ngoma ya mashambani, ya watu wa chini. Wakati huo hapakuwa na sahani ya santuri, hapakuwa na manyoya ya mbuni, wala hapakuwa na gwaride. Hivyo vyote vilikuja baadaye, na si kutoka mahali pamoja.

Habari ya kitovu

Kuhusu asili ya neno wenyewe wanabishana. Maelezo yenye nguvu zaidi hulihusisha na semba, neno la Angola lenye kuhusu tendo la wachezaji wawili kusogeleana mpaka matumbo yagusane, kitovu kwa kitovu. Wareno waliosafiri Angola katika karne ya 19 waliliona tendo hilo na kuliandika, wengine kwa kushangaa na wengine kwa kuona aibu. Kule Brazil liliitwa umbigada, kutokana na neno la Kireno la kitovu, na lilikuwa na kazi maalumu: mchezaji aliye katikati ya duara akichoka, humwendea mtu pembeni, humgusa kwa kitovu, naye ndiye anayeingia. Hakuna kuitwa jina wala kunyooshewa kidole.

Lililonivutia mimi ni kwamba jirani zetu wa Kinshasa na Brazzaville nao hulieleza jina la rumba kwa neno nkumba la Kikongo, ambalo pia ni kitovu. Rumba ya Kongo iliingizwa kwenye orodha ya urithi ya UNESCO mwaka 2021. Kwa hiyo pande mbili za Atlantiki zina ngoma mbili mashuhuri, na watu wakiulizwa jina limetoka wapi, kwa zote mbili wanaonyesha palepale tumboni.

Nani waliipeleka

Brazil ndiyo iliyopokea watumwa wengi kuliko nchi yoyote ya Amerika. Karibu watu milioni 5 walishushwa huko wakiwa hai. Kwa kulinganisha, eneo ambalo leo ni Marekani lilipokea kama 390,000. Utumwa ulifutwa tarehe 13 Mei 1888, wa mwisho katika bara lote la Amerika. Wengi walipakiwa Luanda na Benguela, yaani ni watu wa lugha za Kibantu, ndugu wa lugha yetu. Wengine, hasa waliopelekwa jimbo la Bahia, walitoka upande wa Benin na Nigeria ya leo.

Pwani yetu nayo haikukosekana. Mwanzoni mwa karne ya 19, Waingereza walipoanza kubana biashara ya watumwa huko Afrika Magharibi, wafanyabiashara walizidi kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema kuja Kisiwa cha Msumbiji na Quelimane. Maelfu kwa maelfu, wakiwamo Wamakua, walifikishwa Rio de Janeiro, na huko waliitwa tu "Moçambique", hata kama kwao walikuwa na majina mengine. Siwezi kukuonyesha hatua ya samba nikakwambia hii ni ya Kimakua. Lakini ukisikia jongo, ngoma ya mashamba ya kahawa ambayo ni kama shangazi wa samba ya Rio, utasikia wenyewe wakiita vyombo vyao ngoma, au angoma. Neno lilivuka bahari na kufika likiwa zima.

Meli hizo hazikubeba "samba". Zilibeba watu wenye desturi tofauti, waliolazimishwa kuishi pamoja, na waliyoweza kuelewana ndiyo yaliyodumu: duara, makofi, mmoja kuimba na wengine kuitikia, mmoja kuingia kati, kitovu. Mtaalamu wa muziki Gerhard Kubik alionyesha kwamba hata ule mpigo mdogo unaokimbia juu ya samba yote, unaogongwa leo kwenye kigoma kiitwacho tamborim, umejengwa kwa mpangilio wa vipigo 16 unaofahamika Angola na maeneo yanayopakana nayo. Wareno nao walichangia: gitaa, mashairi, na pandeiro, ambayo ni tari lenye njuga. Mtu wa Lamu akipewa pandeiro mkononi hahitaji kufundishwa linashikwaje.

Duara la Bahia

Samba ya zamani kuliko zote ambayo bado inachezwa inaitwa samba de roda, samba ya duara. Makao yake ni Recôncavo, nchi ya miwa na tumbaku inayozunguka ghuba ya Salvador, kwenye miji kama Santo Amaro na Cachoeira. UNESCO iliitambua mwaka 2005.

Vyombo vyake ni vichache: pandeiro, gitaa dogo, makofi, na kimoja kinachonifurahisha kila ninapokisikia, sahani na kisu. Mwanamke hushika sahani ya chakula akaikwaruza ukingoni kwa kisu, na huo ndio mdundo. Nikikumbuka vugo la Mombasa na Lamu, wanawake wakigonga pembe za nyati harusini, sioni ajabu. Palipo na wanawake na shughuli, chombo hakikosekani.

Hatua yenyewe inaitwa miudinho, yaani kidogokidogo. Nyayo karibu haziachi ardhi. Zinateleza mbele na nyuma kwa haraka, kichwa na mabega yametulia, kama mtu aliyebeba mtungi. Katika aina iitwayo samba chula kuna adabu kali: wakati waimbaji wanaimba, hakuna anayecheza. Shairi likiisha na vyombo vikabaki peke yake, ndipo anapoingia mmoja, mmoja tu. Aina nyingine, samba corrido, ni huru zaidi. Wimbo na miguu vinakwenda pamoja.

Watu wengi waliozoea samba ya runingani wakioneshwa hii husema "mbona imepoa?" Haijapoa. Angalia miguu.

Nyumba ya Tia Ciata

Baada ya miwa kudorora na kahawa ya kusini kushika bei, na hasa utumwa ulipokwisha, watu wa Bahia walihamia Rio kwa wingi kutafuta kazi bandarini. Walikaa karibu na bandari na uwanja wa Praça Onze, eneo lililokuja kuitwa Afrika Ndogo. Si mbali na hapo ndipo palipo gati la Valongo, lililofukiwa na kusahaulika mpaka wachimbaji wa barabara walipolikuta tena mwaka 2011. Humo ndimo mamia ya maelfu ya Waafrika walimoshushwa.

Kati ya wahamiaji hao alikuwamo Hilária Batista de Almeida, mzaliwa wa Santo Amaro mwaka 1854, anayejulikana kama Tia Ciata. Tia ni shangazi, jina la heshima kwa wanawake wakubwa wa Kibahia waliouza vitamu barabarani wakiwa na vilemba na magauni meupe ya marinda, na waliokuwa na cheo katika candomblé, dini yenye asili ya Afrika. Nyumba yake inaelezwa hivi: chumba cha mbele kulikuwa na muziki wa heshima na watu wakicheza wawiliwawili, chumba cha ndani ilikuwa samba, uani kulikuwa na ngoma za dini. Anayejua nyumba ya Kiswahili hahitaji maelezo zaidi. Barazani kuna mazungumzo ya wageni, na kadiri unavyoingia ndani ndivyo unavyokutana na mambo ya wenyewe.

Mpangilio huo ulikuwa na sababu. Polisi walikuwa wakivamia. Hapa kuna dhana inayorudiwa sana, kwamba samba ilipigwa marufuku na sheria. Hakukuwa na kifungu kilichoitaja samba. Sheria ya jinai ya 1890 iliharamisha uzururaji na capoeira, mchezo wa kupigana, na polisi akikukuta wewe mweusi na tari mkononi saa za usiku alikuwa na kifungu cha kutosha cha kukupeleka kituoni. Aliyeonja hilo zaidi katika masimulizi ni João da Baiana, aliyenyang'anywa pandeiro lake. Inasemekana Seneta Pinheiro Machado, aliyemtaka nyumbani kwake apige, alimpa jingine lenye jina la seneta limeandikwa juu yake. Tangu hapo likawa tari na kibali kwa pamoja.

Ya kwanza ni ipi?

Mwishoni mwa 1916 mtoto mmoja wa nyumba hizo, Donga, alikwenda Maktaba ya Taifa akasajili wimbo "Pelo Telefone", yaani "Kwa Simu", kama samba. Kanivali ya 1917 ikaukuta uko kila kona. Ndiyo maana vitabu vingi vya shule huandika samba ilizaliwa mwaka huo. Siafiki. Sahani kadhaa za santuri zilikuwa zimekwisha kubandikwa jina samba kabla yake, na watu wa nyumba ya Tia Ciata walilalamika hadharani kwamba wimbo ulitungwa na wengi, usiku, duarani, halafu mmoja akauandikisha kwa jina lake. Fikiria mtu achukue wimbo wa unyago wa mtaa wenu akaupeleka kwa wakala wa hakimiliki. Kilichozaliwa 1917 ni samba kama bidhaa, kitu chenye mwenyewe.

Kuna kisa maarufu cha mabishano kati ya Donga na Ismael Silva, mtunzi wa kizazi kilichofuata kutoka mtaa wa Estácio. Miaka mingi baadaye waliulizwa samba ya kweli ni ipi. Donga akataja "Pelo Telefone". Ismael akasema hiyo si samba, ni maxixe, uchezaji wa wawili uliokuwa umeshika Rio tangu karne ya 19. Akaulizwa atoe yake, akatoa. Donga naye akasema hiyo si samba, ni machi, muziki wa gwaride.

Wote wawili walikuwa sahihi, na ndiyo raha ya kisa hiki. Kati yao kitu kilikuwa kimebadilika kweli. Ismael alieleza sababu kwa lugha ya fundi: samba ya zamani ilikwenda "tan tantan tan tantan", nzuri kwa kucheza mahali pamoja, lakini kundi haliwezi kuifuata likitembea barabarani. Wao wakaifanya "bum bum paticumbum prugurundum". Soma kwa sauti mara tatu, utajikuta unatembea.

Ili bum hiyo ipatikane ilihitajika ngoma kubwa. Anayetajwa kuitengeneza ni Bide, fundi viatu wa Estácio, aliyechukua debe la siagi akaliwamba ngozi. Ndiyo surdo, moyo wa samba ya Rio mpaka leo. Siku hizi zinakuwa kadhaa: moja inapiga nzito, nyingine inajibu nyepesi, ya tatu inachokoza katikati. Jambo la kusikiliza ni kwamba uzito wote uko kwenye pigo la pili. Muziki wa machi unakanyaga pigo la kwanza. Samba inalipita kwa unyayo mwepesi na kukaa kwenye la pili. Mgeni asiyecheza vizuri, mara nyingi tatizo lake ni hilo tu, anatua mapema.

Shule isiyo na madawati

Agosti 1928 watu wa Estácio waliunda kundi wakaliita Deixa Falar, yaani "Waache Waseme". Jina la khanga kabisa. Ismael alieleza kwamba waliliita shule kwa sababu jirani kulikuwa na chuo cha walimu, nao wakasema wao ni maprofesa wa samba. Tangu hapo kundi la mtaa la samba huitwa shule, na watu huku wanadhani ni mahali pa kulipa ada ufundishwe hatua.

Shule ya samba inaeleweka vizuri zaidi ukikumbuka beni, zile ngoma za gwaride za zamani. Marini na Arinoti za Dar es Salaam, Kingi na Skochi za pwani ya Kenya: mtaa kwa mtaa, sare kwa sare, vyeo vya kujipa, fedha za kuchangishana, na kusudi kubwa la yote likiwa kumtia aibu mpinzani siku ya gwaride. Hazina undugu wa damu na samba, lakini mzee wa beni angejisikia nyumbani Mangueira, shule ya kijani na waridi ya mtunzi Cartola na wenzake. Mangueira ndiyo iliyoshinda shindano la kwanza, mwaka 1932, lililoandaliwa na gazeti la michezo la Mário Filho. Ndiye yuleyule ambaye uwanja wa Maracanã umepewa jina lake rasmi, kwa hiyo mpira na samba vimekula sahani moja tangu zamani.

Kanivali yenyewe haikutoka Afrika. Ilikuja na Wareno, sikukuu ya siku za mwisho kabla ya Kwaresima, ambapo watu walimwagiana maji na unga. Samba iliikuta, ikaingia, ikaifanya yake.

Kisha serikali ikagundua faida. Getúlio Vargas alishika madaraka mwaka 1930 akihitaji kitu cha kuiunganisha nchi kubwa isiyofahamiana. Mwaka 1935 shindano la shule likatambuliwa rasmi na kuanza kupewa fedha; redio ikabeba nyimbo mpaka vijijini; shule zikatakiwa kuimba mambo ya taifa. Chini ya udikteta wake wa 1937 hadi 1945, wakaguzi walibana nyimbo zilizomsifu mjanja asiyefanya kazi na kupendelea za mfanyakazi mwema. Katika muda usiofika miaka arobaini, tari lililompeleka mtu rumande likawa nembo ya nchi. Watu wa Tanzania waliokua na bendi za mashirika ya umma na nyimbo za kuhamasisha wanaujua mkono huo unaolisha na kuelekeza kwa wakati mmoja. Binafsi sioni kwamba samba iliuzwa. Bila fedha na redio isingefika ilikofika. Lakini ukisikia "samba ni utamaduni wa taifa la Brazil", ujue kauli hiyo ina tarehe na ina mwandishi.

Leo gwaride la Rio linapita kwenye Sambódromo, njia ya mita 700 hivi iliyochorwa na Oscar Niemeyer na kufunguliwa 1984. Kila shule huwa na maelfu ya watu na majaji huhesabu alama. Manyoya na mavazi mafupi unayoyaona si vazi la asili. Yalishamiri kadiri kamera zilivyoongezeka. Vazi la zamani limo pia, ukilitafuta: kila shule lazima iwe na safu ya baianas, akina mama wa makamo na wazee wenye vilemba na magauni mapana yanayozunguka, kumbukumbu ya akina Tia Ciata. Na yule mwanamke anayebeba bendera pamoja na mwenziwe wa kiume hawaruhusiwi kucheza samba. Wanacheza kwa madaha ya kasri la zamani la Ulaya, na wakiteleza kuingia kwenye samba ya miguu, alama zinakatwa.

Ilivyotoka nje

Uliotangulia kwenda Ulaya ulikuwa maxixe, uliowika Paris kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Mwaka 1922 kundi la Oito Batutas, likiongozwa na Pixinguinha, lilipiga Paris kwa miezi kadhaa, huku baadhi ya magazeti ya nyumbani yakiona aibu kwamba Brazil inawakilishwa na weusi. Kisha mwaka 1939 Carmen Miranda akaenda New York. Alizaliwa Ureno, akakulia Rio, na alichovaa kichwani, kile kilemba chenye matunda, kilikuwa kilemba cha wauza vitamu wa Bahia kilichotiwa chumvi mara kumi. Kufikia 1945 alikuwa miongoni mwa wanawake waliolipwa zaidi Marekani. Dunia ikampokea muuza vitamu huyo kupitia mwanamke mweupe, na huo ndio ukweli ambao mashabiki wake hawapendi kukumbushwa.

Tawi lililopotosha watu zaidi ni la kumbi za dansi za Uingereza. Walimu wa London, akiwamo mmoja aliyejulikana kama Monsieur Pierre, waliichukua samba wakaipanga kuwa uchezaji wa wawili wenye hatua zilizoandikwa kitabuni, mwili ukidundadunda juu na chini. Ndiyo inayoshindaniwa leo duniani pamoja na cha-cha-cha, rumba, paso doble na jive. Hatua yake moja inaitwa botafogo, jina la mtaa wa Rio, lakini mkazi wa mtaa huo akioneshwa ataomba aambiwe ni nini. Brazil wanao uchezaji wao wa wawili, samba de gafieira, uliotokana na ule maxixe, nao hauna mdundo huo wa juu na chini.

Tangu miaka ya 1980 kilichosafiri zaidi ni shule zenyewe. London wana yao tangu 1984, Tokyo wana gwaride la samba mtaa wa Asakusa tangu 1981. Na Afrika? Watumwa waliokombolewa na kurudi Lagos katika karne ya 19 walirudi na majina ya Kireno, na kati ya ngoma zinazohusishwa na ujio wao ipo moja ndogo ya fremu ya mraba, iitwayo samba. Huko neno likawa chombo, ile maana iliyokosekana Brazil.

Turudi kwa mzee wa Angola

Angola leo kuna muziki mtamu unaoitwa semba, na wengi huusikiliza wakidhani wanamsikia baba wa samba. Ule uliopo kwenye santuri ni muziki wa mji wa Luanda uliojengwa kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1940 na makundi kama Ngola Ritmos, kwa magitaa na siasa za kudai uhuru. Kwa umri wa santuri, samba ya Rio ni kaka yake mkubwa. Wanachoshirikiana ni babu, zile ngoma za kitovu za kabla ya santuri. Kwa hiyo mzee akisema mbegu ni ya Angola namwachia. Akisema waliichukua tu, namuuliza nani alimchukua nani, na kwa meli ipi.

Na kwa kijana wa mbele aliyeiita ile ya Tite samba, kipimo ni miguu. Mauno ya kwetu yanaanzia kiunoni na miguu inafuata. Samba ya miguuni, wenyewe wanavyoiita, inaanzia chini: uzito unahama mara tatu ndani ya mapigo mawili, goti moja likikunja lingine linanyooka, na nyonga inatikisika kwa sababu haina pa kwenda. Ukiitikisa nyonga kwa makusudi huku nyayo zimelala, Mbrazil ataona mara moja. Ya njiwa ilikuwa shingo na mabega. Tena Brazil yenyewe wako wengi wasioijua samba: Recife kanivali yao ni ya frevo na miavuli midogo, na ndani ya nchi, kwenye mashamba ya ng'ombe, muziki unaotamba ni sertanejo.

Nilimweleza hayo wakati wa mapumziko, huku tunanunua kahawa na kashata nje ya kibanda. Akasimama pale mchangani, akajaribu moja-na-mbili, moja-na-mbili, viatu vya kandambili vikimpiga visigino. Mara ya nne alitua kwenye pigo la pili.